Chupa Mbili Saa Nne Asubuhi

Bega langu la kulia liligoma mwaka ule ule petroli ilipogoma, kwa hiyo halikupata heshima yake. Bujumbura nzima ilikuwa inasubiri kitu: mafuta, umeme, sukari, basi la kurudi nyumbani. Mtu aliyelalamika kwamba mkono wake haupandi kupita kifua aliambiwa asubiri kama wenzake. Nikasubiri, kwa kuwa mimi ni raia mwema. Mkono nao ukasubiri, mpaka asubuhi moja nikashindwa kufunga kitambaa cha kichwa, nikaenda kazini nimekifunga kwa mkono mmoja, kimelala upande mmoja kama paa la kibanda baada ya mvua. Wenzangu walidhani ni mtindo mpya, na msichana wa mapokezi akaniuliza kinafungwaje.

Kazi yangu ni ya ofisini, katika bohari ya chumvi, sukari na sabuni kule Zone Industrielle, eneo la viwanda. Naandika bon de sortie, ile karatasi inayoruhusu mzigo utoke, kisha naigonga mhuri. Watu hudhani kugonga mhuri ni kazi nyepesi. Hawajui kwamba getini kwetu mhuri hafifu hauhesabiki kuwa mhuri. Mlinzi akiona wino umefifia, lori linarudishwa, na dereva anapanda ngazi kuja kunitukania ukoo. Basi nimegonga kwa nguvu, nakala baada ya nakala, mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayeua mende. Bega lilikuwa linayaona yote hayo na kunyamaza.

Lakini mihuri haikuninyima usingizi. Mhuri naweza kuugonga kwa mkono wa kushoto. Kilichoninyima usingizi ni mama yangu.

Naishi naye mtaa wa Mutakura. Miguu yake ilikataa kazi tangu alipoanguka bafuni. Akili ikabaki timamu, na ulimi ukabaki timamu kuliko akili. Kila asubuhi kabla sijaenda kazini nilikuwa namnyanyua kitandani, mikono yangu kwapani kwake, yake shingoni kwangu, namgeuza, namkalisha kwenye kiti chake cha plastiki chenye mito, kisha nakiburuta mpaka barazani. Hapo ndipo alipokuwa anaishi. Barabara yetu inapitiwa na wauza mkaa, wanawake wanaokwenda sokoni, wanafunzi, na walevi wa mapema. Mama alisalimiana nao wote, akawauliza bei, akawaambia hiyo bei ni mbaya, akawapa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Mchana alikuwa anaangaliwa na jirani yangu, mwanamke wa mlango wa pili, ambaye alimwogesha na kumpakulia chakula ninachoacha jikoni. Ulikuwa mpango mzuri, na wote ulining'inia kwenye bega langu.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Kuhusu kulea mama hawakusema kitu, labda kwa adabu. Nilijaribu kumnyanyua kwa mkono mmoja, tukaanguka wote wawili kitandani. Yeye akacheka, mimi nikalia kwa maumivu. Kuanzia siku ile mume wa jirani, fundi mwashi, akawa anakuja alfajiri kumnyanyua kabla ya kwenda kwenye ujenzi wake. Mtu mwema, mwenye viganja kama makoleo. Mama alikuwa anafumba macho mpaka awekwe kitini. Mwanamke aliyemzika mume na kutulea peke yake, kubebwa na mume wa mwenzake akiwa na nguo ya kulalia, ilikuwa aibu ambayo hata ulimi wake haukuipatia maneno.

Ndipo mdogo wangu alipoona nafasi yake. Ana nyumba Mutanga Sud, karibu na chuo kikuu, nyumba ya ghorofa yenye ukuta mrefu, na juu ya ukuta kuna waya, na sakafuni kuna vigae ambavyo mgeni huvikanyaga kwa kuomba radhi. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyefanikiwa, na mtu aliyefanikiwa akiona tatizo hulitafutia chumba. Chumba cha mama kilikuwa tayari, upande wa nyuma, kwenye kivuli, dirisha lake likitazama tangi la maji.

"Yaya, mi sitaki ugomvi," aliniambia mimi dada yake mkubwa, barazani kwangu Jumapili moja baada ya ibada, akiwa bado na suti. "Lakini mama yetu kunyanyuliwa na bwana ya mutu mwingine, apana. Kama mukono yako inapona kabla batoto barudi ku masomo, sawa, atabaki. Siku ile nakuja, unamunyanyua mbele yangu, maneno inaisha. Kama hauwezi, namubeba."

Mama alikuwa amekaa pale pale katikati yetu, akizungumziwa kama gunia la sukari.

"Na mi naulizwa lini?" akasema.

"Mama, kule kuko muzuri. Kuko kimya."

"Kimya nitakipata tu, nikishakufa. Sasa niache na kelele yangu."

Mdogo wangu alipoondoka, mama alinishika mkono mzima akaukaza. "Yule mutoto atanifungia mu ukuta," akasema. "Nani atapita kunisalimia kule? Tangi? Uponeshe ile mukono, mama." Mama yangu huniita mama anapotaka kitu sana. Nikamwahidi, kana kwamba bega lilikuwa linapokea amri kutoka kwangu.

Mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, alinipokea kwenye chumba kidogo chenye picha ya mifupa ukutani. Alikuwa kijana mpole. Aliukamata mkono wangu, akauinua taratibu, akaniuliza naumia wapi, nikamjibu kwa kupiga yowe.

"Hii bega imeganda," akasema. "Tutaiamusha polepole, lakini kila siku. Na si jioni peke yake, mama. Ku kazi pia. Ukikaa ku kiti asubui yote bila kusogea, inalala tena."

Akanifundisha. Kuinama kidogo na kuuacha mkono uning'inie, kisha kuubembeza. Kukunja kiwiko na kukikunjua. Kuinua mikono mbele mpaka usawa wa mabega, kisha pembeni, kisha, Mungu akipenda, juu ya kichwa. Huku napumua taratibu na macho nimefumba, ili nilisikilize bega lenyewe. Mikononi nishike vyuma vidogo, vya nusu kilo kwanza, halafu niongeze kidogo kidogo. Kama sina vyuma, nishike chochote ambacho uzito wake naujua.

Mimi nafanya kazi kwenye bohari ambamo chumvi ya nusu kilo imepangwa mpaka darini, uzito umeandikwa juu ya kila pakiti. Lakini kwetu pakiti ikionekana juu ya meza ya mfanyakazi ni wizi, na habari za bega hazingemgusa mlinzi. Nikanunua chupa mbili ndogo za maji, za nusu lita, nikaona nimelimaliza tatizo.

Saa nne asubuhi ni saa ya chai. Watu hushuka chini kwa mwanamke wa maandazi, na ofisi inabaki tupu kwa muda. Siku ya kwanza nilisimama katikati ya chumba, chupa moja kila mkono, nikainua mbele. Mkono wa kushoto ulipanda kama bendera. Wa kulia ulifika kwenye kitovu ukaomba udhuru. Nilikuwa katika mazungumzo hayo patron, mkubwa wetu wa kazi, alipoingia.

"Madame," akasema. "Hapa si stade ya mupira."

Nikamweleza bega, kine, mama, mpango wote. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayesubiri zamu yake ya kusema.

"Sport iko na siku yake," akasema. "Samedi."

Ni kweli, ina siku yake. Jumamosi asubuhi mji wetu hukimbia. Vikundi vyenye fulana za rangi moja hupanda na kushuka barabarani vikiimba, mwenye kitambi na asiye nacho, na patron wangu huwa mbele na filimbi mdomoni. Watu wakiziba njia nzima kwa jasho lao, hiyo ni afya ya taifa. Mwanamke mmoja akiinua nusu lita ya maji ofisini, huo ni utovu wa nidhamu. Nikakubali kwa mdomo, kama tunavyokubali mambo mengi.

Kesho yake nilijificha nyuma ya kabati la mafaili, nikaendelea. Mkono ulipokaribia usawa wa kifua machozi yalikuwa yananitoka, na midomo ilikuwa inacheza kwa sababu nilikuwa nahesabu pumzi. Nilipofumbua macho, mhasibu wetu alikuwa amesimama mbele yangu, andazi mkononi, kichwa ameinamisha.

Huyu mhasibu ni mwanamke wa makamo, mtu wa chumba cha maombi, hodari wa kufunga na hodari zaidi wa kutujulisha kwamba amefunga. Kanisani kwao, kama kwenye makanisa mengi ya mjini kwetu, watu huja ibadani na chupa zao za maji. Wakati ukifika huziinua juu, hufumba macho, huomba kwa machozi, na maji hayo hurudi nyumbani kunywewa na wagonjwa, kunyunyizwa mlangoni, kupakwa kwenye pasipoti inayosubiri viza. Sasa jiweke mahali pake. Unaingia ofisini, unamkuta mwenzako kajificha nyuma ya kabati, chupa mbili hewani, macho kafumba, machozi yanatiririka, midomo inacheza. Ungefikiria bega?

"Nimekuona, mama," akasema kwa sauti ya chini.

"Ni mazoezi," nikasema. "Ya bega. Ni kine alinipa."

"Eh."

"Kweli kabisa. Bega imeganda."

"Nimesikia." Akaliweka andazi lake mezani kwangu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya ofisi ile. "Batu ba kweli habajitangazi. Endelea, mi nalinda mulango."

Nilikanusha siku ile, nikakanusha kesho yake, na nimekanusha mpaka leo. Kadiri nilivyokanusha ndivyo nilivyozidi kuwa mtakatifu. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. La kwangu lilikuja limebeba chupa.

Ya kwanza ilikuwa ya mhasibu mwenyewe, ya lita moja na nusu, kwa ajili ya binti yake aliyekuwa anangojea matokeo ya mtihani. "Ukiinua yako, uinue na hii," akasema. Nikamwambia bega haliwezi. Akaniambia nitawezeshwa. Nikaiinua kwa mkono wa kushoto ili aondoke nimalize zoezi langu. Binti akafaulu. Alikuwa wa kwanza darasani tangu anaanza shule, lakini nani anauliza hayo?

Wiki hiyo ikaja chupa ya msichana wa mapokezi, aliyetaka kuolewa. Ikaja ya mlinzi wa getini, aliyetaka mke wake arudi. Ikaja ya mpakizi mwenye mgongo mbovu, na ya mpakizi mwenzake ambaye hakuwa na shida yoyote ila hakutaka kupitwa. Dereva wetu mmoja, mtu wa Uvira, upande wa Kongo, kama ukoo wetu, alipanda ngazi na bidoni, dumu la lita tano.

"Mama, uniinulie nayo hii," akasema. "Camion iko ku ligne ya mazutu tangu juzi. Nitainyunyizia tu ku tangi."

"Baba, mi siombei maji. Naponesha bega."

"Njo vile," akasema, maana yake ndivyo hasa, kwa heshima kubwa. "Uniinulie tu."

Nilimwinulia mwezi mmoja baadaye, na kwa mikono miwili. Lori lilikuwa limeshatoka kwenye foleni ya dizeli zamani, lakini alikuwa ameniachia bidoni kwa ajili ya shida zijazo.

Sasa niseme jambo ambalo kine hakulijua. Ule ndio ulikuwa ukumbi wangu wa mazoezi. Mwenye vyuma vya dukani ana uzito wa aina mbili au tatu. Mimi nilikuwa na uzito wa kila daraja, umejazwa, umefungwa, umepangwa mezani kila asubuhi kabla sijafika. Bega likizoea nusu lita, nasogea kwenye lita. Likizoea lita, nasogea kwenye lita moja na nusu. Nilichagua shida za watu kwa uzito, nikianza na zile nyepesi. Aliyetafuta viza alileta kichupa. Aliyegombana na mama mkwe alileta chupa kubwa, na alikuwa na haki.

Mhasibu alianza kusimama nyuma yangu saa nne, mikono juu, kunitia nguvu. Wengine wakafuata. Nikibembeza mkono, nao wanabembeza. Nikiinua pembeni, nao pembeni. Ofisi nzima ilikuwa inafanya mazoezi ya bega bila mtu hata mmoja kujua, na nina hakika hakuna bohari nyingine yenye viungo vilivyolainika kama vyetu. Walikuwa na masikitiko tu kwamba naomba kimya. Mpakizi mmoja alimweleza mwenzake kwamba ni upako wa aina ya zamani.

Patron alitukuta hivyo siku moja. Aliingia na faili, akaona migongo na mikono hewani, na mimi mbele kabisa na chupa zangu. Nikajua kazi imekwisha. Mhasibu akageuka na kumwambia, bila kushusha mikono, kwamba tunaiombea bohari. Patron akavua kofia. Akasimama kidogo, akatoka kwa ncha za vidole, akafunga mlango polepole mpaka usisikike. Kukataza mazoezi ni uongozi. Kukataza maombi, mjini kwetu, ni kujitafutia ajali. Siku chache baadaye nikakuta mezani chupa ya maji yenye gesi, ya kioo, yale wanayokunywa wakubwa. Haikuwa na maelezo. Kioo ni kizito, na bega liliifurahia sana.

Nyumbani, jioni, mama alinisubiri barazani na swali moja.

"Mukono imefika wapi?"

Nikainua, nikamwonyesha. Aliutazama kwa jicho la fundi cherehani, akaona pale ulipokwama. "Bado," akasema. "Atakuja, atanibeba kama meza." Kuna siku alitania, kuna siku hakutania. Likizo ya watoto ilikuwa inayoyoma, na mdogo wangu alikuwa anapiga simu kuuliza kama mama anapenda pazia la bluu. Alfajiri mwashi alikuja, mama akafumba macho, akabebwa. Mimi nilisimama pembeni nimeshika mito, na hakuna aibu niliyowahi kuionea wivu kama ile yake, kwa sababu yangu ilikuwa haina hata pa kufumbia macho.

Siku moja nikafunga kitambaa kwa mikono yote miwili, nikarudia mara ya pili nisiamini. Kazini nikateremsha faili kutoka rafu ya juu. Hapo mkono wangu ukapata wamiliki wengi. Mhasibu alitoa ushuhuda kanisani kwao, na nimesikia kwamba katika ushuhuda huo mkono ulikuwa umekauka tangu kuzaliwa. Kine alisema ni njia yake. Msichana wa mapokezi alisema ni mafuta ya kupaka aliyoniletea, ambayo nilikuwa nayapaka bawaba za mlango. Patron alimwambia mgeni, nikiwa nasikia, kwamba katika kampuni yake afya ya wafanyakazi ni jambo la kwanza, kisha akanialika kwenye mbio za Jumamosi. Hata mwashi alidai sehemu yake: mama, alisema, siku hizi hamsumbui kabisa, maana mikono yake imeshamzoea. Niliwashukuru wote. Nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hukosa akili.

Kine aliniruhusu kunyanyua mtu wiki ile ya mwisho ya likizo. Nikataka kufanya jaribio na mama, usiku mmoja kabla ya siku yenyewe. Akakataa.

"Apana, tusichokeshe mukono," akasema. "Siku yake njo siku yake."

Nikaona hekima ndani yake.

Jumapili mdogo wangu alikuja na pikapu, godoro limelazwa nyuma, kwani ni mtu wa maandalizi. Jirani na mume wake walikuwa wamesimama barazani kutazama. Mama alikuwa kitandani amejifunga vitenge viwili na juu yake sweta, ingawa jua la mwezi wa nane lilikuwa limeshachemsha mabati. Nikapiga goti moja kama nilivyofundishwa, mgongo wima, mikono kwapani kwake. Akanizungushia yake shingoni. Nikavuta pumzi, nikainuka.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito ninaoujua, na nusura nimrushe darini. Alipanda kama mtoto. Nikazunguka naye chumba kizima, nikakipita kiti bila kukitazama, nikatoka naye mpaka barazani, mikononi, mbele ya Mutakura yote. Muuza mkaa akasimamisha baiskeli. Nikamgeukia mdogo wangu na kumwambia maneno ambayo dada hapaswi kumwambia mdogo wake, kuhusu godoro, na kuhusu mahali pa kulipeleka.

Alicheka. Ni muungwana, namkubali. "Sawa, yaya. Umenishinda," akasema, akanyoosha mikono. "Lete nimukalishe."

Nikampa. Alimpokea akiwa bado anacheka, kisha cheko likakatika. Hakumkalisha. Alisimama naye pale pale, akampandisha kidogo na kumshusha, kama mtu anayekisia uzito wa kuku. Kisha akakaa naye kitini, akaisukuma mikono ya sweta juu. Mikono ya mama ilikuwa mifupa na ngozi.

"Yaya," akasema. "Mama anakula?"

Nilikasirika. Nilimwambia mama anakula kunishinda mimi, amuulize jirani. Jirani akasogea.

"Mi namupa kila muchana," akasema. "Lakini anasema haiko na njala, umemushibisha asubui."

"Asubui anakataa," nikasema. "Anasema atakula na we muchana. Na jioni ananiambia ulimupikia bugali na ndagala, akamaliza yote."

"Mi? Mi sijamupikia ndagala hata siku moja."

Kumbe ndagala wale, dagaa wa ziwani, hawakuwahi kupikwa. Jirani ndiye aliyekuwa akimwogesha, na aliniambia baadaye kwamba aliona anapungua akasema wazee hupungua. Mimi niliona uso ukichongoka nikasema vile vile. Mwashi alitazama viganja vyake. Mama alikuwa anamsalimia muuza mkaa, anamuuliza bei ya gunia. Alipomaliza naye akatutazama mmoja mmoja.

"Munanitazama nini? Mulitaka kuona kama ataninyanyua. Ameninyanyua. Njo maneno mulipatana."

"Mama, ulikuwa unajinyima chakula," mdogo wangu akasema.

"Sikujinyima. Nilimusaidia." Akanionyesha kwa kidevu. "Ule alikuwa anaongeza chupa kila juma, ananiambia jioni. Sasa mi nikapunguza yangu. Nilijua tutakutana mahali."

Mdogo wangu aliketi sakafuni na suti yake ya kanisani. Mimi nililia, na si kwa bega. Nilimkasirikia mama, nikajikasirikia mwenyewe, na nikampenda, yote kwa wakati mmoja. Yeye alikuwa na jambo moja tu ambalo bado hajajibiwa.

"Sasa nabaki ao nahama?"

"Unabaki, mama," mdogo wangu akasema. "Lakini utakula."

Mama akafikiri. Alinitazama, si usoni, mkononi.

"Nikikula nitarudi muzito," akasema. "Ataniweza?"

"Nitakuweza," nikasema.

Sikujua kama ni kweli. Uzito wake halisi nilikuwa sijaunyanyua tangu bega ligome, na mazoezi yote yale, chupa zote zile, yalikuwa yamenipeleka nusu ya njia tu. Nusu nyingine alikuwa ameitembea yeye, mwanamke asiye na miguu.

Siku hizi namlisha mwenyewe, asubuhi kabla ya kazi na jioni nikirudi, na nakaa mbele yake mpaka ameze. Ananiambia namnenepesha kama ndama wa Krismasi. Mashavu yameanza kurudi, na ulimi umerudi wote. Kila kijiko ninachomtia kinywani jioni ndicho nitakachokinyanyua asubuhi, nakijua, naye anajua, na kila asubuhi ananizungushia mikono shingoni na kunisikiliza ninavyovuta pumzi. Leo niliyumba kidogo. Aliona, na jioni hii nimemkuta ameisukuma sahani pembeni, anasema jirani amempikia ndagala.

Nimeivuta sahani, nimekaa.